Mradi wa Mama: Isongole hadi Winnipeg

11 Februari 2024, Mbeya

Nafungua daftari hili kwa sababu mambo yameanza kunichanganya. Gereji nina daftari la kila lori linaloingia: namba, tatizo, spea iliyotoka, hela iliyoingia. Bila daftari, dereva anakuapia kwamba pampu uliyomfungia jana aliinunua mwenyewe mwaka juzi. Nimeona na Mama nimfungulie lake.

Hali ilivyo. Mke wangu ni muuguzi. Yeye ndiye aliyeomba ukaazi wa kudumu Canada na jina lake limepita. Mimi na watoto wawili tumo kwenye ombi lake. Tukijaliwa tunaondoka Agosti kwenda Winnipeg, jimbo la Manitoba. Mama yuko Isongole, barabara ya Tukuyu, na binti anayemsaidia kazi, tangu Baba afariki. Dada anafundisha Uyole. Kaka yuko Tunduma na mambo yake. Mimi ndiye kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na mama. Hilo halikuandikwa popote ila kila mtu analijua.

Miezi yote hii nilikuwa nahesabu watu watano. Leo tumefungua fomu ukurasa wa wategemezi, nikatafuta mahali pa kumwandika Mama. Hapapo. Kwa Canada mtegemezi ni mume au mke, na mtoto ambaye hajafikisha miaka 22. Mzazi hana kisanduku. Mke wangu alikuwa anajua siku zote, akaogopa kuniambia. Tumelala bila maneno mengi.

18 Februari 2024

Wiki nzima nimesoma usiku kwenye simu mpaka macho yanawasha.

Upo mpango wa kumdhamini mzazi apate ukaazi wa kudumu. Upo kwa jina. Tangu 2020 hawajapokea majina mapya. Kila awamu wanachota kwenye kapu lile lile la waliojaza fomu mwaka huo. Mwaka 2020 mimi nilikuwa chini ya lori Iyunga nabadilisha klachi, Canada naijua kwenye ramani tu.

Mlango wa pili unaitwa Super Visa. Ni viza ya mgeni, kwa wazazi, mabibi na mababu wa raia au wakaazi wa kudumu. Tangu Julai 2022 anayeingia nayo anaruhusiwa kukaa mpaka miaka mitano mfululizo, na viza yenyewe inaweza kudumu mpaka miaka 10, mtu anatoka na kurudi. Masharti yake: mtoto awe tayari kule na hadhi yake mkononi, awe na kipato kinachofikia kiwango walichoweka kulingana na idadi ya watu nyumbani, aandike barua ya mwaliko, mzazi apimwe afya, na anunuliwe bima ya afya isiyopungua dola 100,000 za Canada kwa mwaka.

Maana yake Mama hawezi kuondoka nasi. Tutangulie, tupate kazi, tuonyeshe mishahara, ndipo tumwite. Na tukimwita anaingia kama mgeni. Hilo neno limenikera kuliko yote. Mama yangu mgeni nyumbani kwangu?

Jirani yangu wa gereji, ambaye dada yake yuko Uingereza, alicheka nilipolalamika. Kule, anasema, tangu 2012 lazima uthibitishe kwamba mzazi anahitaji kuhudumiwa mwilini kila siku, kuoga, kuvaa, kula, na kwamba huduma hiyo haipatikani kwao hata ukiilipia. Mama yao ana Mbeya nzima ya wajukuu na mabinti wa kazi. Wameshaacha hata kuulizia.

2 Machi 2024, Isongole

Nimepanda Noah ya asubuhi pale Nanenane. Ukungu mzito, abiria tumebanana, mtu ana kuku chini ya kiti.

Nimemwambia Mama kila kitu. Alikuwa anamenya viazi, hakuacha kumenya. Aliuliza swali moja: "Huko viazi vipo?" Nikasema vipo vingi. Akasema haya.

Tukaingia kwenye vyeti. Kitambulisho cha taifa kinasema amezaliwa 1950. Cheti cha kuzaliwa hana, wenzake wengi wa umri ule hawana. Nikamuuliza mwaka wenyewe ni upi, akasema bibi yake alimwambia alizaliwa mwaka ambao vita ya Hitla iliisha. Hiyo ni 1945. Nikamuuliza 1950 ilitoka wapi. Siku ya kuandikishwa foleni ilikuwa ndefu, kijana wa kwenye kompyuta akamwangalia usoni, akaandika.

Siku hiyo hiyo, anasema, mashine ilikataa vidole vyake. Akavisugua kwa kanga, ikakataa. Wakampaka mafuta, ikakubali viwili. Jembe limekula alama zote.

9 Machi 2024

Kishoka mmoja aliyeletwa na rafiki amenishauri niiache 1950 kama ilivyo. Hoja yake si ya kijinga: bima za wageni hupanda bei kwa umri, na mtu wa miaka 80 analipa kupita wa 75. "Mashine yenyewe imempa ujana, wewe unamzeesha kwa nini?" Alitaka laki mbili kwa ushauri huo.

Nilikaribia. Sitaandika hapa kwamba sikukaribia.

Mama ndiye aliyekataa, tena kwa sababu isiyo ya kisheria kabisa. Mdogo wake anayemfuata kazaliwa 1948 na cheti anacho. Akikubali 1950 anakuwa mdogo wa mdogo wake, na kwenye misiba atakaa wapi?

23 Machi 2024

Tumekwenda Rungwe, misheni ya Wamoraviani, alikobatizwa. Wamisionari walifika pale 1891 na tabia yao ya kuandika kila kitu ndiyo inayotuokoa leo. Mzee anayetunza vitabu aliuliza jina la baba, jina la mama, jina la kijiji. Akafunua taratibu kama anafungua gasketi ya zamani asiichane. Saa nzima. Kisha akaweka kidole: jina la Mama, kwa tahajia yenye "gh" ambayo siku hizi haandiki mtu, na mwaka 1945.

Mama hajui kusoma haraka. Aliusoma ule mstari herufi kwa herufi. Jina la mama yake lilikuwa pale pia, kwa wino, na mimi ndiyo mara ya kwanza kuliona popote limeandikwa. Tulimwachia mzee sadaka, Mama akasema ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, mara tatu, tukatoka kunywa chai.

Aprili hadi Juni 2024

Naandika kwa ufupi maana ni foleni tupu.

Cheti cha kuzaliwa kwa usajili wa kuchelewa: kimepatikana, kwa nguvu ya cheti cha ubatizo. Marekebisho ya mwaka kwenye kitambulisho cha taifa: safari tano. Mara mtandao uko chini, mara afisa yuko semina, mara "gh" ya Rungwe haifanani na "g" ya kitambulisho, kwa hiyo tukaapa kwa wakili kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Mama aliapa akiwa amenyoosha mkono juu kama yuko kanisani. Pasipoti: 150,000, fomu kwenye mtandao, picha, alama za vidole. Vidole tena. Safari hii nilijiandaa: wiki moja kabla, kila usiku vaseline na glavu za mpira, na jembe lilifungiwa stoo, funguo ninazo mimi. Mashine ilisoma saba kati ya kumi. Afisa akasema zinatosha.

Jambo zuri nililoligundua: kwa viza, Canada haichukui alama za vidole za mtu aliyevuka miaka 79. Mama atatimiza 80 mwakani. Kwa hiyo ule ukweli wa Rungwe utatuongezea bei ya bima lakini utamtoa kwenye mashine. Kishoka hakulijua hilo.

14 Julai 2024, kikao

Tumekutana Isongole: mjomba, Dada, Kaka kutoka Tunduma, shemeji, mimi na mke wangu. Kuku wawili. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuomba mkopo, na karatasi zangu kwenye bahasha.

Dada hakuningoja nimalize. "Mdogo wangu, sema ukweli. Unampeleka Mama akapumzike au akakulelee watoto?" Nikasema masharti ya viza hayamruhusu kufanya kazi. Akasema: "Kulea mjukuu nani aliwahi kukuita kazi?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mke wangu zamu zake zitakuwa usiku na mchana, mimi nitaondoka alfajiri, na nilishapiga hesabu ya chekechea ya Winnipeg kichwani, naikumbuka mpaka leo. Sikuwahi kumwambia mtu hesabu hiyo, hata mke wangu. Dada aliisoma usoni.

Mjomba akauliza kitu ambacho mimi, na mikaratasi yangu yote, sikuwa nimeuliza. "Huyu anahama au anatembea?" Akaeleza kwa wale vijana: mtu mzima akihama, watu huuliza kagombana na nani. Zamani kwetu aliyehama uzeeni alihama kwa sababu ya maneno, amesemwa au amesema. Anayetembea hahojiwi, anapewa zawadi za kupeleka.

Nikaanza kueleza ukaazi wa kudumu na lile kapu la 2020, na kwamba mimi ningependa ahame ila sheria hairuhusu kwa sasa. Mama akanikatisha. Ndiyo mara pekee aliyosema siku nzima.

"Mimi nilishahama mara moja, nilipoolewa. Sihami tena. Kutembea nitatembea."

Kikao kikaisha hapo. Wakagawana ndizi.

Agosti 2024

Tumeondoka wanne. Mama hakuja Songwe kutusindikiza. Alisema uwanja wa ndege si mahali pa kulia, watu wanapishana na mabegi. Gereji nimemwachia fundi wangu kwa mkataba.

26 Januari 2025, Winnipeg

Nyuzi 30 chini ya sifuri. Nimepata kazi kwenye karakana ya malori. Huku lori likilala nje linachomekwa kwenye umeme usiku kucha ili injini isigande. Nimempigia Mama kwa video nikamwonyesha waya unaoingia mbele ya lori. Akatazama kwa muda mrefu. "Na watu je, wanachomekwa wapi?"

Nimeandika hapa: Mama asifike kati ya Novemba na Machi. (Nimeongeza baadaye: nikalisahau, kama itakavyoonekana.)

Machi hadi Septemba 2025

Mishahara yetu wawili inavuka kiwango, na mke wangu ametia saini kwenye barua pamoja nami. Niliogopa kwamba hatuna mwaka mzima wa kodi wa kuonyesha. Tumeambatisha barua za waajiri, hati za mishahara na taarifa za benki.

Bima: kwa miaka 80 ni zaidi ya dola 4,000 za Canada kwa mwaka, na hurudishwa viza ikikataliwa. Nimelipa. Mkono ulitetemeka.

Mama amepimwa afya Dar es Salaam mwezi Juni, kwa daktari aliyeteuliwa na Canada. Alitaka kwenda kwa treni ya TAZARA, maana Baba alifanya kazi kwenye ujenzi wake na Mama hajawahi kuipanda mpaka mwisho. Dada akampandisha ndege. Nina sauti ya Dada kwenye simu, ya dakika nne, ambayo dakika tatu ni malalamiko kwamba Mama alikataa kufungua mkanda wa kiti hata ndege iliposimama Dar, akisema atafungua akiona rubani mwenyewe ameshuka.

Septemba viza imetoka. Itaisha pamoja na pasipoti, 2034. Dada amenitumia picha ya ukurasa ule. Tiketi nimekata: mimi naja Mbeya Novemba kwa likizo, tunaondoka pamoja 5 Desemba. Dar, Addis Ababa, Toronto, Winnipeg. Kiti cha magurudumu nimeombea kila uwanja. Desemba, ndiyo. Nilikuwa na haraka, na mke wangu alinikumbusha ukurasa wa Januari wakati fedha ya tiketi imeshatoka.

22 Novemba 2025, Isongole

Nimefika. Mvua za kwanza zimeshuka, barabara ya kwetu ni tope, pikipiki ilinishusha nusu ya njia.

Mama amepungua. Kwenye video haikuonekana. Anapanda ngazi mbili za mlangoni kwa kushika ukuta.

Begi lake liko tayari tangu Oktoba. Nimelifungua tuhakiki: kanga, shali, kitabu cha nyimbo, maharage kilo mbili, na chini kabisa kifuko cha plastiki chenye udongo. Nikajua umetoka wapi bila kuuliza, kaburi la Baba liko hatua 20 kutoka jikoni. Nikamwambia udongo hauingii Canada, wanauzuia kwa ajili ya wadudu na magonjwa ya mimea. Nilidhani atakasirika. Alisema, "Wanafanya vizuri," kama mkulima, akaurudisha alikoutoa na kusawazisha kwa kiganja.

24 Novemba 2025

Usiku, jikoni, nimemsomea mkataba wa bima. Kurasa nyingi za Kiingereza. Nasoma kimoyomoyo, natoa Kiswahili, na yeye anasinzia. Hospitali, ndiyo. Dawa, kiasi fulani. Meno, dharura tu. Nikafika kwenye kifungu ambacho sheria ya Super Visa inadai kiwemo, kwamba bima igharimie kumrudisha mtu kwao, akiwa mgonjwa au akiwa amekufa.

Akafungua macho. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mpaka Isongole au mpaka Dar?"

Nikasoma tena. Haikusema Isongole. Ilisema nchi anakotoka, na kiwango cha fedha. Tukapiga hesabu pamoja: jeneza, ndege ya mizigo, gari kutoka Dar, zaidi ya kilomita 800 za barabara, Kitonga, Makambako, Uyole. Fedha ile inatosha mpaka Dar na chenji kidogo. "Kutoka Dar mtachanga," akasema. "Watoto watatu hamshindwi." Nimeahidi, na nimeandika hapa kwa sababu alitaka iandikwe: analala pembeni ya Baba, upande wa mashariki, si upande wa mparachichi kwa sababu ya mizizi.

Baada ya hapo ndipo akauliza kama viza yake imeandikwa anahama au anatembea. Nikaichukua pasipoti, nikamwonyesha. Mgeni. Anaruhusiwa kuingia mara nyingi, maana yake anaruhusiwa pia kutoka mara nyingi. Akaishika mbali na macho, kama alivyoshika kile kitabu cha Rungwe. "Hii ni nzuri," akasema. Zaidi ya mwaka na nusu nilikuwa nasikitika kwamba tumemkosesha karatasi kubwa.

Kabla ya kufunga, nikakumbuka kifungu kingine, kwa sababu ya vidonge vyake vya presha. Magonjwa ya zamani yanalipiwa tu kama yametulia siku 180 kabla ya bima kuanza. Kutulia, kwa maneno yao, ni pamoja na dozi kutobadilika. Isiongezwe, isipunguzwe, isiwekwe dawa mpya. Mama anameza amlodipini ya miligramu 5 miaka mingi sasa. Tuko salama, nikasema. Kliniki ni Ijumaa, twende tu tuchukue vidonge vya safari.

28 Novemba 2025

Kliniki, Mbeya mjini. Presha 184 kwa 106. Wakampumzisha nusu saa, wakapima mkono wa pili: 180 kwa 104. Daktari, kijana mpole, akasema amlodipini inapanda mpaka 10 na anaongeza losartani kuanzia leo.

Nikamwomba tuongee pembeni. Nikamweleza bima, siku 180, tiketi ya tarehe 5. Nikamuuliza kama haiwezekani dawa aanze leo ila kwenye kadi iandikwe baadaye. Au aanze akifika.

Hakunijibu. Alinitazama tu, halafu akaandika kwenye kadi, tarehe ya leo, kwa herufi zinazosomeka kabisa, jambo ambalo madaktari hawana mazoea nalo.

Nimempigia mke wangu nikiwa nje kwenye ngazi, kule saa 11 alfajiri. Nilimsimulia na ile sehemu ya pembeni, sijui kwa nini. Akakaa kimya kwanza. Kisha: "Mtu wa miaka 80, presha 184, unampandisha ndege wiki ijayo, unamshusha kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Akipata kiharusi Addis, bima inasema haiwahusu. Na mimi ndiye nitakayemgeuza kitandani. Futa tiketi yake." Akakata simu yeye kwanza.

Hesabu: siku 180 kuanzia leo zinaishia 27 Mei 2026. Kipimo chake cha afya kilikuwa katikati ya Juni 2025. Sitaki asafiri kipimo hicho kikiwa kimepita mwaka. Dirisha ni kama wiki tatu. Nimebadilisha tiketi ya Mama kuwa 2 Juni, na faini nimelipa. Kampuni ya bima wamekubali kusogeza tarehe ya kuanza. Dada atamleta mpaka Toronto ikiwa atapata viza ya kutembea, vinginevyo mimi nitamfuata Dar. Hilo halijaisha, naliacha wazi.

Juni Winnipeg hakuna theluji. Ningelifuata daftari langu mwenyewe tusingefika hapa.

29 Novemba 2025

Nilikuwa na hofu ya kumwambia Mama. Nilimwambia asubuhi, akiwa kwenye kigoda mlangoni, dawa mpya ameshameza. Nikasema tumeahirisha miezi sita, mimi narudi peke yangu tarehe 5, watoto watasikitika.

Akahesabu kwa vidole, vile vile vilivyokataliwa na mashine. Desemba, Januari, Februari, Machi. Akarudia. Akamwita binti wa kazi amletee kanga ya kutokea.

"Miezi sita hiyo viazi vinatoka na vinauzwa," akasema. "Nilikuwa nimeliacha shamba la bondeni bila kitu kwa sababu yenu."

2 Desemba 2025

Shamba la bondeni, robo tatu ya ekari. Vibarua watatu, na mimi wa nne. Mama haruhusiwi jembe. Amekaa kwenye gunia kichwa cha tuta, anaelekeza. Presha ya asubuhi 158 kwa 92, Dada amenunua mashine ya kupimia nyumbani na anaandika kila siku.

Mbegu ni Kikondo, alikuwa amezihifadhi darini tangu mavuno yaliyopita, tayari zina macho. Nikamuuliza: kama alikuwa anaondoka tarehe 5, mbegu za nini? Akajifanya amemwona kibarua anafukia vibaya.

Mgongo wangu hauwezi tena. Mikono ya karakana si mikono ya jembe.

4 Desemba 2025

Naondoka kesho kwa Noah ya kwanza, niwahi Songwe. Daftari linabaki hapa, Dada ataandika. Tumekaa jikoni tukajaza ukurasa wa mwisho wangu, Mama akisema na mimi nikiandika.

Dawa: amlodipini 10, losartani, asubuhi baada ya uji. Kliniki kila mwezi, na kadi ipigwe picha nitumiwe. Dozi ikibadilika tena, hesabu inaanza upya, Dada anajua. Bima: kuanza 2 Juni. Begi: maharage yatoke, shali ibaki. Viazi: palizi ya kwanza Krismasi, kuinulia udongo katikati ya Januari, kuvuna Machi. Vikiuzwa, hela ya Mama ni ya Mama. Asikubali lumbesa, gunia lishonwe likiwa na mdomo wake.

Nikaweka kalamu. Akanigusa mkono.

"Hujaandika dawa ya ukungu. Mvua ya mwaka huu ni kubwa."

Nimeandika.